Pangaboi juu ya kitanda: mwongozo kamili wa kumpata fundi, kumlipa na kukagua kazi yake

Pangaboi la chumbani kwa mama, Tabata, lilidumu miezi minne. Siku moja saa nane mchana liliachia silingi likashukia kitandani, likabaki linaning'inia kwa waya, panga moja limepinda na godoro limechanika. Mama alikuwa sokoni. Jioni nilipanda juu ya silingi na tochi, nikakuta kilichokuwa kinalibeba: kipande cha nondo kilichokunjwa kwa nyundo, kimepigiliwa misumari miwili kwenye mbao ya mbili kwa mbili, ile nyembamba inayoshika jipsamu tu. Msumari mmoja ulikuwa umeshang'oka siku nyingi, tundu lake limeingia kutu.

Ukiwa chini usingeona chochote. Kile kikombe cheupe kinachofunika tundu la silingi kilikuwa kimekaa sawasawa, na siku ya kufungwa mama alilipa na kushukuru. Tangu hapo nimesimamia mapangaboi tisa, kwetu, kwa ndugu na kwa majirani, pamoja na matengenezo mengine ya nyumba. Nilichojifunza ni kwamba kila kazi ya fundi ina dakika moja kabla haijafunikwa, na mwenye nyumba anatakiwa awepo dakika hiyo. Mengine yote hapa chini yanaizunguka dakika hiyo.

Hatua ya 1: Ijue nyumba yako kwanza

Kabla hujampigia mtu simu, jua silingi yako ni ya nini na juu yake kuna nini. Kama ni ghorofa na juu ni zege, kazi ni nyepesi: kulabu hushikwa na bolti ya kutanuka ndani ya zege, au ipo tayari tangu zege linamwagwa. Kama ni jipsamu au silingi bodi chini ya paa la bati, kinachoweza kubeba pangaboi ni kenchi peke yake, yaani zile fremu zinazobeba paa. Jipsamu haibebi. Mbao za silingi hazibebi. Pangaboi la kawaida lina kilo 4 hadi 6 tu, lakini linazunguka na kutikisika usiku kucha, miezi yote ya joto, na mtikisiko ndio unaong'oa misumari.

Pima urefu kutoka sakafuni. Mapanga yasishuke chini ya mita 2.1, mita 2.4 ni bora zaidi. Kutoka ncha ya panga hadi ukutani acha angalau sentimita 45, na kutoka mapanga hadi silingi sentimita 20 hadi 30, la sivyo pangaboi litazunguka bila kuvuta hewa. Kwa chumba cha kama mita 3 kwa 3, pangaboi la inchi 48 linatosha. Sebule kubwa inataka la inchi 56.

Sasa angalia kitanda. Kama watoto wanalala kwenye kitanda cha dabodeka, pangaboi lisikae karibu nacho hata kama vipimo vya sakafuni vimetimia, maana mtoto wa juu akisimama au akinyoosha mkono anayafikia mapanga. Chandarua nacho kina taabu yake. Cha duara kinachoning'inia katikati ya chumba hakiwezi kukaa pamoja na pangaboi. Kikipeperushwa kikashikwa, mota inakwama na kuungua. Badilisha uweke cha pembe nne chenye fremu, au sogeza sehemu ya pangaboi. Usikubali kuondoa chandarua kwa ajili ya upepo. Malaria bado ipo Dar.

Mpangaji, zungumza kwanza na mwenye nyumba. Mwandikie ujumbe mfupi kwamba unataka kutoboa silingi, na muelewane pangaboi litakuwa la nani siku ukihama. Jibu lake lihifadhi kwenye simu.

Hatua ya 2: Kumtafuta fundi

Mahali pa kwanza pa kuuliza ni kwa jirani ambaye nyumba yake imefanana na yako. Usimuulize tu "una fundi mzuri?" Omba kuiona kazi yenyewe, tena iliyokaa mwaka au zaidi. Kazi ya wiki iliyopita kila moja inang'aa. Iliyopita kwenye masika moja na msimu mmoja wa joto ndiyo inayomwonyesha fundi alivyo.

Duka la vifaa vya umeme nalo lina namba za mafundi. Zichukue, ila ukumbuke muuza duka mara nyingi humpa kazi fundi anayemletea wateja, na si lazima awe ndiye fundi bora. Kijiweni napo utampata mtu wa haraka, lakini sharti la kuona kazi yake ya zamani libaki palepale.

Tanzania Bara, kazi ya kufunga umeme inatakiwa kufanywa na mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Muombe aionyeshe, usome jina na tarehe ya mwisho. Akiwa na cheti cha VETA ni dalili njema, maana amefundishwa, lakini cheti hicho si leseni. Kama nyumba ni mpya, yupo mtu ambaye tayari anaujua mfumo wako: yule aliyesaini mchoro wa waya ulipoomba kuunganishiwa na TANESCO. Mtafute huyo kwanza. Kwa walioko Mombasa na kwingineko Kenya, leseni ya kuuliza ni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli.

Anayekuja akidai ni wa TANESCO na kwamba anaweza "kukusaidia" ndani ya nyumba kwa pesa ya mkononi, muulize kitambulisho kisha piga ofisi ya TANESCO uhakikishe. Vishoka wamewatia watu wengi hasara. Isitoshe, kazi ya shirika inaishia kwenye mita. Waya za kuanzia hapo kuingia ndani ni zako na fundi wako.

Ukishampata, msikilize anavyouliza kabla hajataja bei. Fundi aliyewahi kupanda juu ya silingi atakuuliza: silingi ni ya nini? Kenchi ni za mbao au chuma? Kuna tundu la kupandia? Hapo katikati kuna taa? Anayetaja bei kwenye simu bila kuuliza lolote anafikiria kufunga kikombe tu. Na anayekwambia yeye ni umeme, bomba, uashi, marumaru na rangi, mpe kazi moja anayoweza kukuonyesha mfano wake, zilizobaki watafutie wenyewe.

Hatua ya 3: Bei, na nani ananunua vifaa

Waite watatu waje waone. Kila mmoja atenganishe ufundi na vifaa, na aseme kama nauli na pesa ya saidia fundi zimo ndani au ni za pembeni. Bei ya chini kuliko zote mara nyingi imeacha kitu nje. Muulize aliyeitaja kama ameweka mbao ya kuvusha kwenye kenchi, bolti, na waya mpya kutoka kwenye swichi. Utashangaa mara ngapi jibu ni hapana.

Mimi vifaa hununua mwenyewe. Fundi ananiandikia orodha, naipiga picha, naenda nayo Kariakoo au duka la mtaani. Kama huna uzoefu, nenda naye, mlipie nauli, pesa ya vifaa itoke mfukoni mwako na risiti ya EFD iandikwe jina lako. Wapo mafundi wanaopewa chochote na duka kwa kila mteja. Si dhambi kubwa, lakini wewe ndiye unayeilipa bila kujua.

Dukani, mwambie muuzaji aliwashe pangaboi hapohapo. Sikiliza mota: iwe na mvumo laini, isikwaruze. Hakikisha mapanga matatu yametoka boksi moja, maana yamelinganishwa uzito kiwandani. Tafuta alama ya TBS. Kwenye kibandiko soma wati. Pangaboi la kawaida linakula kama wati 75. Lenye mota ya kisasa ya sumaku na rimoti linakula kama 30. Likiwaka saa 10 kwa siku, la kwanza linamaliza takriban uniti 22 kwa mwezi na la pili 9. Kwa aliye kwenye daraja la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo inaweza kumbakiza ndani ya daraja au kumtoa.

Orodha isipungue haya: kulabu au bolti yenye washa na nati, mbao ya mbili kwa nne au nene zaidi kama silingi si zege, waya wa milimita 1.5 za mraba wenye eathi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), konekta, boksi la kuungia, swichi, na regyuleta (kibadilisha mwendo) ya pangaboi lenyewe. Kifaa cha kupunguzia mwanga wa taa hakifai hapo. Kitaifanya mota ivume na kuchemka.

Hatua ya 4: Andikeni

Mali bila daftari hupotea bila habari. Si lazima mwende kwa wakili. Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi fundi ajibu "nimekubali". Wangu huwa hivi:

"Fundi, habari. Tumekubaliana ufunge pangaboi mawili, sebuleni na chumba kikubwa, Jumamosi hii. Ufundi ni shilingi ___ kwa yote, nauli imo. Vifaa nanunua mimi. Kila pangaboi libebwe na mbao iliyovuka kenchi mbili, na nione kabla hujafunika. Tundu likizidi kikombe unaziba wewe. Nalipa theluthi ukifika na kuanza, theluthi nikiona mbao na waya, theluthi baada ya kuwasha. Likiyumba au likizima ndani ya miezi mitatu unarudi bila ufundi."

Pamoja na ujumbe huo, omba picha ya kitambulisho chake cha NIDA na ujue anakaa mtaa gani. Fundi wa kweli haoni haya kwa hilo.

Usilipe yote mbele, hata akikuambia ada ya mtoto inamsubiri. Lakini na wewe usimzungushe. Nimewaona watu wakimwambia fundi "njoo mwisho wa mwezi" baada ya kazi kuisha, na fundi aliyezungushwa mara tatu hatarudi siku pangaboi likianza kulia. Pesa ya kila hatua iwe tayari kwenye simu kabla hajafika. Mpe maji na chakula cha mchana. Juu ya silingi, chini ya bati, saa sita ya mwezi wa pili, kuna joto kali.

Hatua ya 5: Siku ya kazi

Kuwa nyumbani. Kama huwezi, ahirisha. Usimwachie dada wa kazi au mtoto jukumu la kumwambia fundi "hapana".

Kwanza izimwe meini swichi, ile kuu ya nyumba nzima, si swichi ya ukutani peke yake. Na hapa nasisitiza: umeme ukikatika mtaani usikubali fundi aseme "afadhali, tufanye harakaharaka kabla haujarudi". LUKU ikiisha uniti, jambo ni lilelile. Umeme hurudi bila hodi. Meini swichi izimwe, ifungwe, watu wa nyumbani waambiwe, na fundi apime kwa tesita (bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme) kabla hajashika waya.

Kisha apande. Kwenye kenchi za mbao, mbao mpya ivuke kenchi mbili na ishikwe kwa bolti au skrubu ndefu pande zote mbili. Kulabu ipite katikati ya mbao hiyo, juu yake iwekwe washa pana na nati. Msumari usitumike kubeba uzito unaovuta kwenda chini, kwa sababu unachomoka kwa njia ileile ulioingilia. Mdomo wa kulabu uwe umefungwa, usibaki wazi.

Mwambie akupigie picha, au panda mwenyewe ukiweza, ukikanyaga kenchi tu na si jipsamu. Kisha fanyeni jaribio la ndoo. Funga kamba kwenye kulabu, ning'iniza ndoo mbili za lita 20 zilizojaa maji, zikae kiganja kimoja tu kutoka sakafuni ili zikiachia zisimdhuru mtu. Hizo ni kilo 40, karibu mara saba hadi kumi ya uzito wa pangaboi. Ziache nusu saa huku fundi akishughulikia waya. Kulabu ikishuka hata kidogo, au silingi ikitoa mlio, kazi irudiwe. Fundi mmoja alinitazama nikileta ndoo akasema, "Dada, hii imekaa, usiwe na wasiwasi." Nikamwambia ya mama. Akazining'iniza mwenyewe, na siku hizi anafanya hivyo kwa wateja wake wote.

Kwenye waya kuna kosa moja ambalo halionekani kabisa taa zikiwaka: swichi kuwekwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya waya wa moto. Pangaboi linazima na kuwaka vizuri, lakini hata likiwa limezimwa mota ina umeme. Siku ukipanda kulifungua ukagusa waya utaupata. Kulijua ni rahisi. Kabla kikombe hakijapandishwa, meini swichi irudishwe, swichi ya ukutani izimwe, kisha fundi aguse kwa tesita waya unaoingia kwenye pangaboi. Kitaa cha tesita kikiwaka, swichi iko upande usio wake. Izimwe meini swichi tena, irekebishwe, ipimwe upya.

Waya wa kijani na njano ni wa eathi, ufungwe kwenye chuma cha pangaboi. Nyumba nyingi za zamani hazina eathi kwenye njia ya taa, na fundi mvivu ataukunja waya huo na kuuficha ndani ya kikombe. Muulize umeishia wapi, akuonyeshe. Maungio yawe kwenye konekta, ndani ya boksi. Waya zilizosokotwa na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki usizikubali, hata akikwambia nyumba nzima ndivyo ilivyo. Hasa akikwambia hivyo.

Pangaboi likipandishwa, angalia kitu kidogo cha mwisho: bolti inayopita kwenye kulabu ina tundu mwishoni, na ndani ya tundu inaingia pini ya miguu miwili inayokunjwa ili nati isifunguke. Pini hiyo ni ndogo kuliko njiti ya kiberiti, na huanguka sakafuni ikafagiwa na vumbi la jipsamu. Iguse kwa kidole. Kama haipo, kikombe kisipande.

Piga picha ya yote hayo, ndipo ulipe theluthi ya pili na kikombe kipande.

Hatua ya 6: Kuwasha

Liwashe nusu saa, kuanzia mwendo wa chini hadi wa juu. Simama chini yake: upepo ukushukie kichwani. Kama huuhisi, linazunguka kinyume au mapanga yamegeuzwa. Kuyumba kidogo mwendo wa juu ni kawaida, lakini bomba likichora duara, lizime. Shika fimbo wima kutoka sakafuni hadi iguse ncha ya panga moja, zungusha kwa mkono, uone kama ncha nyingine zinapita urefu uleule. Panga lililopinda litajionyesha hapo. Shika regyuleta baada ya nusu saa. Ikiwa na uvuguvugu ni sawa, ikichoma haifai. Kisha malizia malipo, siku hiyohiyo.

Kazi nyingine za nyumba

Utaratibu ni huohuo, kinachobadilika ni kile kinachofunikwa.

Bomba la maji ndani ya ukuta likaguliwe kabla ya kupigwa lipu. Fungua maji kutoka kwenye tangi, ziba miisho yote, acha usiku mzima, asubuhi pitisha mkono kwenye kila ungio. Fundi akishapiga lipu na rangi, uvujaji utakuja kuujua kwa ukungu ukutani miezi sita baadaye.

Sakafu ya bafu ijaribiwe kabla ya marumaru kuwekwa. Ziba tundu la maji, jaza maji sentimita chache, weka alama ya penseli ukutani, rudi baada ya saa 24. Kwenye ghorofa jaribio hili ni lazima. Nenda na kwa jirani wa chini ukaangalie silingi yake.

Bati linalovuja liwahiwe Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Mafundi wa paa wakati wa mvua hawapatikani na bei imepanda. Mmoja amwage maji kwa mpira juu ya paa huku mwingine yuko ndani na tochi, fundi aione sehemu yenyewe badala ya kupaka lami kila mahali.

Kazi ikikua ikawa kuongeza chumba au kubomoa ukuta, hiyo ni ya mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na kibali cha halmashauri kinahitajika. Usiianze na fundi wa kijiweni.

Kazi ikiharibika

Mpigie fundi kwanza, mtumie video na ule ujumbe wa makubaliano. Wengi hurudi. Asiporudi, nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa na ujumbe, picha na kumbukumbu za malipo ya simu. Hapo ndipo ile picha ya kitambulisho inaposaidia. Lakini ukisikia harufu ya kuungua au ukiguswa na umeme kwenye chuma cha pangaboi, usimsubiri aliyeharibu. Zima meini swichi umwite mwenye leseni.

Baada ya mwezi, na kila mwaka

Mwezi mmoja baada ya kufunga, zima umeme, shusha kikombe, kaza skrubu za mapanga na uitazame tena ile pini. Kila mwaka rudia Novemba, kabla joto halijaanza, na ufute vumbi juu ya mapanga kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi likikaa upande mmoja pangaboi huanza kuyumba.

Siku pangaboi litakapoanza kwenda polepole hata kwenye namba ya mwisho, au likavuma bila kuzunguka mpaka ulisukume, fundi anaweza kukwambia mota imekufa. Mwambie abadilishe kepasita kwanza, ile yenye namba zilezile zilizoandikwa kwenye ya zamani. Ni kifaa cha bei ndogo, kinakaa ndani ya kikombe, na asikiguse kwa mkono mtupu hata umeme ukiwa umezimwa, maana kinahifadhi chaji. La mama, lile lililoanguka, tulilinunulia mapanga mapya ya seti nzima, tukaliwekea kepasita na kulifunga kwenye mbao iliyovuka kenchi mbili. Bado linazunguka chumbani kwake.